Ua linanuka mzoga na foleni iko hadi getini

Foleni ya masaa matatu, joto la Januari la Sydney, watu wamebeba watoto na chupa za maji, na kinachowangoja kule mbele ni harufu ya mzoga. Hamna tiketi ya mpira, hamna visa, hamna anayegawa chochote. Ni ua tu. Ukishalifikia unasimama kidogo, unapiga picha zako mbili tatu, unavuta pumzi kwa tahadhari, afu unasogea mwenzio nae aone.

Nazungumzia Putricia jamani. Kama Januari 2025 hukuwepo mtandaoni ngoja nikuhadithie, na kama ulikuwepo we kaa tu tukumbushane, maana mi ile wiki mwili ulikuwa Dar akili yote iko Australia.

Putricia ndo jina ambalo watu wa Royal Botanic Garden pale Sydney walimpa mmea wao mmoja, kitaalamu unaitwa Amorphophallus titanum, kwao ni Sumatra kule Indonesia, na duniani watu wengi wanauita ua la maiti kwa sababu ambazo dada yangu atakueleza huko chini. Kwenye bustani ile kabla ya huyu mara ya mwisho ua la aina hii kuchanua ilikuwa 2010, yaani miaka 15 ilikuwa imepita, mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa hivi anaota ndevu. Huyu Putricia walikuwa wamemlea miaka saba, anatoa jani, jani linakufa, analala, akiamka anatoa jani tena, ua hamna. Desemba 2024 wakaona kitu kinachungulia kwenye udongo, sentimita 25 hivi, na visa vya huu mmea ni kwamba kinapotoka kichwa tu hata aliyeulea miaka yote anaweza asijue kama linakuja jani lingine au safari hii ni lenyewe. Safari hii lilikuwa lenyewe. Kufika tarehe 23 Januari lina urefu wa mita 1.6, mimi na lenyewe tungeangaliana machoni.

Sasa wale jamaa wa bustani wana akili. Wangeweza kuliacha tu kwenye kona ya nyumba ya vioo na kibao cha jina la Kilatini, wasubiri wanafunzi wa botania waje na madaftari yao. Wao wakalitengenezea sehemu yake, nyuma pazia la zambarau, mbele kamba zile za kuzuia watu kwenye shughuli za mastaa, pembeni mashine inatoa ukungu taratibu, pakawa na sura ya msibani kidogo, na walikusudia. Afu wakafunga kamera inarusha laivu usiku na mchana, bure, mtu yeyote popote alipo aingie aangalie.

Na kwenye hiyo laivu hamna kinachotokea. Nataka ulielewe hili vizuri. Unafungua simu, unaona ua limefumba, ukungu unapita, mtu wa bustani anapita na ndoo, anatoka, ukungu unapita tena. Ukirudi baada ya nusu saa ni vilevile. Kama umekuja na macho ya kuangalia filamu utaondoka dakika ya pili umenuna. Lakini pembeni kwenye chati watu wanaongea wee, maelfu, mchana na usiku, kuna anayenyonyesha saa tisa usiku, kuna anayelinda geti sijui nchi gani, kuna aliyeko kwenye mkutano kazima kamera, na wote wameshakuwa ndugu. Wakajitungia na lugha yao ya vifupisho, kimoja maana yake hatumharakishi Putricia, kingine libarikiwe chanuo, kingine sisi tunalitazama ua, na ole wako uingie uulize "jamani litafunguka lini", utajibiwa na watu mia kwa mpigo kwamba hatumharakishi Putricia. Ile laivu ilitazamwa zaidi ya mara milioni moja. Ua lililofumba!

Ofisini kwetu (tuko Posta, sitasema ghorofa gani maana bosi anasoma) ilianza mimi peke yangu, simu nimeiegemeza kwenye kikombe. Mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza unaangalia nini, nikamwambia ua, akasema linafanya nini, nikamwambia halifanyi kitu, akacheka akaenda zake. Baadae namwona anapita nyuma yangu. "Vipi, bado?" Bado. Anapita tena na chai. "Bado tu?" Mpaka Jumatano kavuta kiti. Jumatano hiyohiyo yule dada wa uhasibu, ambae huwa haongei na mtu, nae kaja kasimama, katazama kimya, afu akasema kwa sauti ya mtu anaejua, "Hili kesho." Katoa wapi sijui. Na kesho yake kweli.

Sydney wakati ule wa mwaka wako mbele yetu masaa manane. Kwa hiyo Alhamisi ile usiku ulipoingia kwao saa mbili, sie ndo saa sita mchana, mda wa lanchi, na ua limeshaanza kujifungua. Halifunguki pwaa, linaachia kidogo kidogo, ile kingo ya juu yenye marinda inaanza kulegea kutoka kwenye mwili wa katikati, kwa nje ni kijani kimepauka, na pale linapoachia ndo unaiona rangi ya ndani kwa mara ya kwanza, nyekundu nzito inakaribia weusi, rangi ya nyama ya ng'ombe iliyokaa buchani tangu asubuhi. Hiyo rangi sio bahati mbaya, nitaelezea. Tulikuwa watu sita tumeinamia simu moja na mishikaki inapoa. Mtu mmoja akapiga makofi. Ofisini. Kwa ajili ya ua.

Dada yangu anaishi Sydney, kaolewa huko, na yeye alikuwa kwenye foleni mwenyewe, yeye na shemeji na watoto. Bustani ile kuingia ni bure, na siku ile waliongeza mda mpaka saa sita usiku ili watu wapite. Alinitumia voisi moja baada ya nyingine kutoka kwenye foleni, na nyingi zilikuwa za kulalamika miguu, lakini ile ya mwisho nimeihifadhi. "Mdogo wangu, we acha tu. Unamjua panya akifia kwenye dari? Ndo hiyo. Afu inakuja inaondoka, unadhani imeisha, unavuta pumzi vizuri, hee! Inarudi. Mwanao kasema anataka kutapika na anataka arudi tena kesho."

Bustani wenyewe waliielezea kwa soksi zilizolowa, chakula cha paka kilichopashwa moto na nyama ya posamu iliyooza, posamu ni mnyama wao kule anaingiaga kwenye mapaa. Mi nabaki na panya wa dada.

Hiyo ya kuja na kuondoka aliyoisema dada ni kweli kabisa, sio pua yake. Ule mwili mrefu wa katikati usiku wa kwanza unajipasha moto wenyewe, unafika nyuzi 36 na zaidi kidogo, joto la mwili wa binadamu, na unajipasha kwa mikupuo, sio mfululizo. Kila ukipanda joto harufu inapaa na hewa ya moto inaisukuma mbali. Na ndani ya hiyo harufu kuna kemikali za salfa zilezile zinazotoka kwenye nyama inayooza kweli. Sasa unganisha, joto la mwili, harufu ya mzoga, rangi ya nyama. Ua linaigiza mnyama aliyekufa, linawaita mende wa mizoga na nzi wa nyama waje wadhani kuna pa kula na kutaga mayai, waingie mpaka chini kabisa ambako ndo kuna maua yenyewe halisi, madogo madogo, mamia, yamejipanga kwenye shina la ule mwili. Maana kile kitu kikubwa tunachokiita ua sio ua moja, ni jumuiya nzima ya maua imevikwa jani moja. Usiku wa kwanza ya kike yako tayari kupokea, ya kiume yanakuja kutoa chavua yake usiku unaofuata, ili lisijipandishe lenyewe. Nzi akitoka hapo na chavua inabidi amtafute mwingine aliyechanua usiku uleule, kwenye msitu, na kila mmoja anachanua baada ya miaka kadhaa. Hesabu yake ngumu kweli, ndo maana lazima linuke mbali vile.

Na kwa nini linachukua miaka? Chini kuna tunguu, kiazi kikubwa, na kila jani linalotoka kazi yake ni kulisha kile kiazi. Jani lenyewe ni moja tu lakini linaweza kupanda mpaka mita 6, ukilikuta utasema ni mti. Kutoka mbegu mpaka chanuo la kwanza inaweza kuwa miaka 7, miaka 10. Pale Royal Botanic Garden ya Edinburgh walikuwa na moja kiazi chake kilipimwa kikakutwa na kilo 153.9. Kile kiazi chote kinakusanya, kinakusanya, afu kinatumia kwenye kitu cha siku mbili. Siku mbili! Baada ya hapo linaanguka.

Sasa picha nikamtumia mama, yuko Muheza. Mama ni mkulima, hana mda na vitu vya mitandao, simu anashikiwa na mdogo wetu wa mwisho. Akasikiliza kwanza ile voisi ya dada yote. Akauliza, "Harufu ya mzoga watu wanaifuata? Si wangefukia?" Tukacheka. Afu akaomba miwani, akaikuza ile picha kwa vidole, akaiangalia mda mrefu, akasema, "Hili mbona gimbi."

Mi nikajua anatania. Hatanii. Mama kalima magimbi bondeni maisha yake yote na yeye ni mmoja wa watu wachache ambao washaona gimbi likitoa ua, maana wengi tunachimba kabla, na ua la gimbi ni hivyohivyo, jani moja limejikunja limezunguka kijiti katikati, dogo tu la mkononi, rangi ya manjano. Nikaenda kusoma. Familia moja! Gimbi na lile jitu la Sumatra ni ukoo mmoja kabisa, na hata jenasi yake yenyewe ya Amorphophallus, yaani kile kikundi chake cha karibu ndani ya ukoo, ina ndugu wadogo wanaota hapahapa Afrika Mashariki porini, wafupi, hawana kamera wala pazia. Ilinichukua mimi na intaneti nzima wiki, mama kaona kwa kuangalia.

Nirudi kwenye watu, maana kusema kweli watu ndo walionishangaza zaidi ya ua. Wanakadiria kama watu 20,000 walipita pale, wengi wao kabla halijafunguka. Soma tena, kabla halijafunguka. Walienda kuona ua lililofumba, lisilonuka, wakapanga foleni, wakaondoka wameridhika. Kuna watu walikejeli sana, wakasema ndo dunia imefika hapa, watu hawana kazi. Mi siafiki. Sisi wabongo ndo tunajua kushangaa kuliko watu wote, gari likipata pancha Ubungo linazungukwa na watu arobaini na kila mtu ana ushauri, kwa hiyo sina haki ya kumcheka Mzungu anaeshangaa ua. Ila nadhani hapa kuna kitu zaidi ya kushangaa. Kila kitu siku hizi unakibonyeza kinakuja, filamu ukitaka sasa hivi ipo, chakula bodaboda kakileta, hela imeingia kwenye simu hujamaliza kuomba. Halafu kuna kitu kimoja kimekaa kwenye chungu hakina haraka, huwezi kukilipa, huwezi kukitishia, meneja hawezi kukitolea ratiba, na maelfu ya watu wanakaa wanasubiri pamoja na hamna hata mmoja anaejua zaidi ya mwenzie. Waziri na mfagizi wote wako "bado?" Hiyo hali ya kusubiri ndo ilikuwa shughuli. Ua lilikuwa sababu.

Ushahidi wangu ni Chicago. 2015 Chicago Botanic Garden nao walikuwa na lao, wakaliita Spike, walilea miaka 12, watu kama 75,000 wakaenda kuliona, kamera ikawekwa, wakasubiri, wakasubiri, na Spike hakufunguka. Nguvu zilimwishia. Tarehe 30 Agosti wanasayansi wakaamua kuliondoa lile jani la nje kwa mkono mbele ya watu ili angalau wachukue chavua, na watu wakaja kwa wingi kushuhudia ua linapasuliwa, nakwambia ni upasuaji mubashara. Hamna aliyedai nauli yake. Afu mwezi uliofuata mwenzie aliyekuwa kimya pembeni, Alice, akachanua vizuri tu bila makelele yote yale na wakaja tena kwa Alice.

Wala usidhani ni mambo ya TikTok haya. Odoardo Beccari, Mtaliano, ndo alieliandika kwa wanasayansi 1878 akiwa Sumatra (wenyeji walikuwa wanalijua siku zote, wanaliita bunga bangkai, hawakumsubiri Beccari), akatuma mbegu Italia, mche mmoja ukafika bustani ya mimea ya Kew kule London, na 1889 ukachanua, wa kwanza kuchanua nje ya Sumatra. Lilipochanua tena Kew 1926 watu walijaa mpaka wakaitwa polisi kuwatuliza. 1926, hamna simu, hamna laivu, kuna magazeti na mdomo tu. New York lilichanua mara ya kwanza 1937 pale Bronx, na mwaka 1939 Bronx wakalifanya ua rasmi la mtaa wao, wakakaa nalo mpaka mwaka 2000 ndo wakabadilisha wakachukua ua la kawaida la kupendeza. Hapo waliniudhi. Kitongoji chenye ua rasmi linalonuka mzoga nisingekubali kukiacha hivihivi.

Na ile Januari yenyewe ya Putricia ilikuwa kama wamepanga, siku iliyofuata tu Brooklyn nao likachanua la kwao, sio titanum, ni nduguye anaitwa gigas, mwezi wa pili Canberra nao wakapata. Foleni kila mahali.

Lakini kuna kitu kiliendelea kunikaa kichwani, wenyewe je? Watu wa Sumatra, ambako kitu hiki ndo kwao, nao wanapanga foleni?

Wanapanga, kwa namna yao. Kule kuna jitu lingine linanuka vilevile, Rafflesia, hilo sasa ndo ua moja kubwa kuliko yote duniani, lile la aina ya arnoldii linafika upana wa mita moja hivi, halina jani wala shina wala mizizi, linaishi ndani ya mwili wa mti mwingine unaotambaa, unaona tu kitumba kinatokeza kinakaa miezi na miezi, afu linafunguka siku chache linaoza. Njia ya kutoka mjini Bengkulu kwenda milimani, likichanua moja karibu na barabara, wanakijiji wanatundika bango kwamba ua adimu limechanua, wanasafisha kinjia, wanaweka kamba mtu asikanyage, unatoa kiingilio kidogo unashuka nao bondeni. Magari yanasimama, familia nzima inashuka, bibi anashikwa mkono. Hiyo mi naipenda kuliko pazia la zambarau, maana pale ua likiwa salama kuna mtu amelipa ada ya shule. Likikatwa hana kitu.

Afu kuna ile vidio ya Novemba 2025, bila shaka ilikupitia. Septian Andriki, Mwindonesia, alikuwa anaitafuta Rafflesia hasseltii miaka 13. Wakaenda msituni Sumatra Magharibi pamoja na Chris Thorogood, mtaalamu wa mimea wa Chuo cha Oxford, msitu una chui milia, wakakuta kitumba, wakasubiri, na usiku likafunguka mbele ya macho yao. Septian analia. Halii kwa kujionyesha, amepiga magoti analia ile ya mtu mzima anajaribu kuizuia haizuiliki, mwenzie kamshika bega. Niliitazama nikiwa kwenye mwendokasi ikabidi niangalie dirishani.

Halafu kilichofuata kikaharibu utamu. Chuo cha Oxford waliposambaza ile habari jina la Thorogood wakaliweka, la Septian na wenzake wa kule hamna. Mwenyewe Thorogood kwenye ukurasa wake alikuwa amewataja, kosa sio lake, lakini Waindonesia waliwaka, na walikuwa na haki. Miaka 13 unatafuta kitu, siku unakipata dunia nzima inakuona unalia na bado hujulikani unaitwa nani.

Sie watu wa Tanga hiyo tunaijua zamani. Kale kaua ka zambarau kanachokaa madirishani kwa mabibi wa Ulaya na Marekani, wenyewe wanakaita urujuani wa Afrika, kametoka milima ya Usambara, hapohapo juu yetu Amani. 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, akakachukua, akakatuma kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata kakapewa jina la familia, Saintpaulia. Leo kanauzwa kwenye vichungu mamilioni duniani na nyumbani kwetu Muheza hamna hata mtu mmoja anacho dirishani. Mama nilipomwonyesha picha yake alisema haka kanaota kwenye mawe ya mtoni kule juu, tulikuwa tunakapita tukienda kuokota kuni. Tunakapita. Hiyo misitu nayo imebaki vipande.

Na Sumatra ni hadithi hiyohiyo. Wakati Sydney wanapanga foleni, titanum kwao porini wanakadiria imebaki chini ya elfu moja, iko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, misitu inageuzwa mashamba ya michikichi na mbao. Kuna ndege mkubwa mwenye mdomo wenye pembe juu, jamii ya hondohondo wetu huku, ndo anakula yale matunda mekundu anaenda kunya mbegu mbali, akiondoka hondohondo hata ua likichanua na nzi wakaja mbegu zinabaki palepale. Mabustani nayo yana matatizo yake, mimea mingi iliyoko huko ni ndugu, wamezalishana wao kwa wao au ni nakala za mmea mmoja, na kumbukumbu za nani mtoto wa nani hazijawekwa vizuri, kwa hiyo unaweza kusafirisha chavua kutoka bara lingine ukaja kugundua umeozesha kaka na dada. Ndo maana likichanua sehemu utaona watu wenye glavu wanakata kidirisha pale chini ya lile jani, wanapaka chavua iliyotunzwa kwenye friza kutoka bustani nyingine. Hiyo kazi haina makofi, na kwenye laivu ilikuwa ukiuliza wale wanafanya nini watu wanakwambia subiri picha irudi.

Pesa za makofi ziende huko basi, ndo ombi langu. Na wakiweka kamera nyingine waiweke Bengkulu, hata kama neti inakatika.

Sasa kwa nyie mlioko nje, mnaoniuliza kila mara nikiposti, "nitaliona wapi?". Kew wanalo, Edinburgh wanalo, Bonn kule Ujerumani yanachanua mara kwa mara, Meise karibu na Brussels pia, Marekani karibu kila bustani kubwa ya mimea ina lake. Kazi yako ni moja, fuata kurasa zao, wakisema linakaribia kaa na viatu mlangoni. Usisubiri wikiendi. Likifunguka Jumanne usiku nenda Jumanne usiku, maana ukienda kesho yake mchana utakuta zuri, wazi, la kupiga picha, ila harufu imeshapungua sana utaondoka unasema wamekudanganya. Kula kabla, sio baada. Watoto wabebe, wao ndo hufurahi kuliko wote. Na usivae kofia kubwa kwenye foleni, dada yangu bado anamsema yule mama aliyekuwa mbele yake.